Nani Anauza Ufuo Wetu, na kwa Bei Gani?

Ardhi iliyo kando ya maji haiuzwi kama ardhi nyingine. Anayeuza ekari mbili za mahindi Trans Nzoia huuza udongo, mvua na barabara ya kufikisha mavuno sokoni. Anayeuza ekari mbili za ufuo Nyali, Diani, Kilifi au Watamu huuza mandhari, upepo na njia ya kushukia pwani. Zaidi ya hayo yote huuza ruhusa: ruhusa ya kujenga, au angalau matumaini ya kuipata. Ondoa ruhusa hiyo, na bei huanguka. Irudishe kwa sahihi moja ya afisa mmoja, na bei hupanda kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Hapo ndipo siasa inapoingia katika uthamini wa ardhi, na ndiyo sababu tunaliandika jambo hili katika kijarida cha mageuzi, wala hatukuwaachia wapimaji na madalali peke yao. Waliotutangulia walidai vyama vingi. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika mwaka uliofuata. Lakini demokrasia ya sanduku la kura haina maana kubwa kwa mvuvi ambaye njia yake ya kwenda baharini imezibwa na ukuta, na ambaye kila ofisi anayoiendea humwonyesha hati yenye muhuri halali wa Jamhuri.

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi wetu tunalalamika bila kuijua. Kanuni za Upimaji zilizo chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, zinasema kwamba ardhi ya Serikali inayopakana na bahari inapopimwa ili igawiwe, ukanda wa upana usiopungua mita 60 kutoka alama ya maji kujaa ya bamvua kwa kawaida utengwe kwa matumizi ya Serikali. Kwenye mito inayoingiwa na maji ya bahari, ukanda huo ni mita 30. Kwa mito ya bara, kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza ulimaji na ujenzi katika ukingo wa mita 6 hadi 30 kila upande, kwa kufuata kimo cha juu cha mafuriko kilichowahi kuandikwa. Juu ya hayo yote ipo Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 62 inatamka kwamba ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Mchanga ule ambao watoto huchezea maji yakitoka hauna mwenyewe mmoja. Ni wetu sote.

Sheria hizi zilitungwa kwa busara. Ukanda ule huipa bahari nafasi ya kupumua. Mawimbi ya bamvua huja, hula mchanga, kisha huurudisha katika msimu mwingine. Ukuta ukijengwa karibu mno na maji, wimbi hugonga na kurudi na mchanga, na mara nyingi ufuo wa jirani ndio unaoliwa. Ukanda huohuo huwapa wavuvi diko lao, mahali pa kupandisha madau na kuanika nyavu, na huwapa wenyeji njia ya kwenda kuoga, kuzika na kutambika. Katika kisiwa cha Lamu, matuta ya mchanga ya Shela huchuja na kuhifadhi maji ya mvua ambayo mji hunywa. Anayejenga juu ya matuta yale huhatarisha visima vya watu walio mbali na kiwanja chake.

Lakini soma kanuni ya mita 60 hadi mwisho. Utakuta kwamba Waziri anaweza kuagiza ukanda huo uwe mwembamba zaidi katika hali maalumu, ikiwa maslahi ya maendeleo yanahitaji hivyo. Maneno hayo machache yana thamani kubwa kuliko nyumba nyingi zilizojengwa ufuoni.

Tufanye hesabu kwa mfano wa kubuni. Tuseme kutoka alama ya maji kujaa hadi barabarani ni mita 160, na upana wa eneo ni mita 50. Ukanda wa mita 60 ukitengwa kama ilivyoagizwa, kiwanja kinachobaki ni mita 100 kwa 50, yaani mita za mraba 5,000. Ukanda ukifutwa, kiwanja huwa mita za mraba 8,000. Ikiwa mnunuzi hulipa shilingi 5,000 kwa kila mita ya mraba, bei imepanda kutoka milioni 25 hadi milioni 40. Milioni 15 zimezaliwa na sahihi. Hakuna aliyelima, aliyechimba wala aliyejenga. Tena hesabu hii ni ya upole, kwa maana kiwanja kinachogusa maji huuzwa ghali zaidi kwa kila mita kuliko kile ambacho mbele yake pana njia ya watu wote.

Swali la mwananchi ni rahisi: milioni zile 15 ni za nani? Ikiwa ukanda ulikuwa wa umma, basi thamani iliyotoka katika kuufuta ilikuwa ya umma pia. Iliingia mfuko gani?

Katika enzi ya chama kimoja jibu lilijulikana, ingawa halikusemwa kwa sauti. Sheria ya Ardhi ya Serikali, Sura ya 280, iliagiza kwamba viwanja vya mijini viuzwe kwa mnada, isipokuwa Rais akiamuru vinginevyo katika jambo mahususi. Lile "isipokuwa" likawa ndiyo sheria, na mnada ukawa ndio upekee. Kiwanja kilitolewa kwa barua ya ugawaji, kwa ada ndogo iliyopangwa na ofisi, kwa mtu aliyependwa na ofisi. Masharti ya kawaida ya ukodishaji yalimtaka ajenge katika muda uliowekwa na asiuze kabla ya kukiendeleza bila idhini. Alichofanya mara nyingi ni kutafuta mnunuzi, tena wakati mwingine kwa barua tu, kabla hata ya hati kutoka. Umma ulipokea ada, naye akapokea bei ya soko. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo iliyokuwa hongo, ingawa haikuandikwa hivyo katika daftari lolote.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kukabidhi ripoti mwaka 2004, iliyaandika mambo haya kwa urefu. Ilionyesha jinsi ardhi ya umma ya kila aina ilivyogawanywa kinyume cha sheria, na jinsi mashirika ya umma yalivyoshurutishwa kununua viwanja hivyo kwa bei iliyofurishwa. Akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, iliyowekwa katika Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ilitumika kununua kutoka kwa watu binafsi ardhi iliyokuwa ya umma tangu mwanzo. Mwananchi aliibiwa mara mbili: kwanza ardhi yake, kisha pensheni yake.

Kwa Mpwani jeraha hili lina kovu la zamani zaidi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilitambua madai ya mtu mmoja mmoja katika ukanda wa maili kumi, na ardhi ambayo haikudaiwa kwa utaratibu ule ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni. Jamii zilizoishi kwa umiliki wa pamoja, Wamijikenda hasa, zikajikuta wageni katika makao yao. Uhuru ulipokuja, Serikali mpya ilirithi daftari lilelile. Kwa hiyo vigogo walipogawiana ufuo, waligawiana ardhi iliyokuwa tupu kwenye karatasi tu. Chini ya minazi walikuwepo watu.

Je, mambo yamebadilika? Tukiri kwamba yapo yaliyobadilika, maana haki husemwa hata inapomfaa mpinzani. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu kiwanja cha ufuoni Nyali. Kiwanja hicho kiliandikishwa kwanza mwaka 1989 kwa jina la aliyekuwa Rais wakati huo, Daniel arap Moi. Baadaye kiliuzwa, kisha kikauzwa tena. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda ufuoni. Mnunuzi wa mwisho alisimama mahakamani na hati yake mkononi, akidai kwamba alinunua kwa nia njema. Majaji walisema kwamba hati peke yake haitoshi pale ambapo shina lake linapingwa. Mwenye hati sharti aonyeshe jinsi ardhi ilivyotoka mikononi mwa umma, hatua kwa hatua. Ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, na eneo lilikuwa la umma, hivyo hapakuwa na kitu halali cha kumrithisha mnunuzi wa pili wala wa tatu. Mwaka huohuo, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyo ilisema tena kwamba barua ya ugawaji si hati wala haiwezi kuuzwa kana kwamba ni hati.

Hukumu hizi zimekigeuza kiini cha uthamini wa ardhi. Zamani mthamini aliuliza mambo mawili: ukubwa wa kiwanja na bei ya viwanja vya jirani. Sasa hana budi kuuliza la tatu, tena kabla ya mengine: ardhi hii ilitokaje kwa umma? Kama shina ni bovu, thamani ya kweli ya kiwanja ni sufuri, hata kiwe na bwawa la kuogelea na minazi mia. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali ya kila mtu, lakini kinasema pia kwamba ulinzi huo haufiki kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Benki inayokubali hati ya namna hiyo kuwa dhamana hukopesha juu ya mchanga, kwa maana zote mbili za neno hilo.

Wapo watakaotupinga, na hoja zao zastahili kujibiwa. Wa kwanza husema kwamba vizuizi vya ujenzi hufukuza wawekezaji, na Pwani ina njaa ya kazi. Sisi hatupingi hoteli. Lakini mwekezaji mwenye akili hununua kile ambacho jirani hawezi kumharibia. Mwenye nyumba katika safu ya pili alilipia kuiona bahari akiamini kwamba safu ya kwanza haitapandishwa ghorofa kumi. Mwenye hoteli alilipia ufuo mpana akiamini kwamba jirani hatajenga ukuta utakaouhamisha mchanga. Kizuizi kinachowafunga wote hupandisha thamani ya wote. Kinachoharibu soko ni ule msamaha wa siri anaopewa mmoja kwa hasara ya wengine.

Wa pili husema kwamba ni dhuluma kumzuia mtu kujenga juu ya ardhi yake bila kumfidia. Hoja hii ina uzito, na tunaigawa mara mbili. Ikiwa kizuizi kilikuwapo mtu aliponunua, basi alinunua kiwanja chenye kizuizi, na bei ilipaswa kuonyesha hivyo. Kama alilipa zaidi, alikuwa akicheza kamari kwamba siku moja atapata msamaha, na umma haudaiwi fidia na mcheza kamari. Lakini ikiwa Serikali inaweka leo kizuizi kipya kinachomnyang'anya mwenye hati halali matumizi ya ardhi yake, basi na imlipe haraka na kwa haki kama Katiba inavyotaka. Hatuwezi kudai haki kwa maskini na kuinyima kwa mwenye mali aliyeipata kihalali.

Wa tatu husema kwamba sheria ya mwaka 2016 imekwisha kutatua tatizo. Kweli, marekebisho ya Sheria ya Ardhi mwaka ule yaliweka safu ya kwanza na ya pili kutoka alama ya maji kujaa ya Bahari Hindi katika kundi la ardhi inayodhibitiwa, ili asiyestahiki kisheria, hasa mgeni, asifanye biashara nayo bila idhini ya Waziri kwa maandishi. Katiba nayo imemwekea asiye raia kikomo cha ukodishaji wa miaka 99. Lakini tutazame vizuri: dawa iliyotolewa ni idhini nyingine ya Waziri mwingine. Ugonjwa ulitokana na sahihi inayotolewa faraghani. Je, utaponywa kwa kuongeza sahihi? Idhini isiyotangazwa ni bidhaa, na palipo bidhaa mnunuzi hakosekani.

Na tusidhani kwamba hili ni la Pwani pekee. Agosti 2018 tingatinga ziliangusha jengo la Ukay huko Westlands na South End Mall huko Lang'ata, Nairobi, kwa sababu yalisimama katika kingo za mito. Majengo hayo hayakuota usiku mmoja kama uyoga. Yalijengwa ghorofa kwa ghorofa mbele ya macho ya ofisi zote zilizopaswa kuzuia. Mwaka 2024, mafuriko ya masika yalipoua watu wengi, Serikali iliwaamuru waliokaa ndani ya mita 30 za mito wahame, na nyumba za mabati za Mathare na Mukuru zikabomolewa. Mita 30 zilipatikana upesi kwa maskini. Tunataka ziwe na urefu uleule kwa tajiri, zipimwe kwa kamba ileile, na pasiwe na anayebomolewa bila notisi na bila mahali pa kwenda.

Basi tunadai nini? Tunadai mambo manne, na hakuna hata moja lililo gumu kwa Serikali inayotaka kutenda haki.

Kwanza, kila msamaha wa ukanda wa maji uliowahi kutolewa, na kila utakaotolewa, uchapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali pamoja na jina la aliyepewa, sababu na ramani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ufuo wetu umepotea hivyohivyo.

Pili, ardhi ya umma iliyo kando ya maji isiuzwe wala kukodishwa ila kwa mnada au zabuni ya wazi, na uthamini ufanywe huku vizuizi vyote vikihesabiwa na kutajwa katika taarifa ambayo mwananchi anaweza kuisoma. Mthamini aliyeandika bei ya kiwanja kana kwamba kizuizi hakipo aulizwe na chama cha taaluma yake.

Tatu, pale ambapo kizuizi kimelegezwa kwa sababu ya kweli ya maendeleo, ongezeko la thamani lirudi kwa umma. Kaunti iliyopoteza mita 3,000 za mraba za ufuo ipate bei ya mita 3,000 za mraba, na fedha hizo zionekane katika diko lililokarabatiwa, zahanati au shule.

Nne, Tume ya Kitaifa ya Ardhi na serikali za kaunti zipime na kuandikisha njia zote za kwenda ufuoni na madiko yote ya wavuvi, ziyaweke alama za mawe, na ramani zibandikwe katika ofisi za wadi. Njia isiyo na hati ndiyo huzibwa kwanza.

Neno letu la mwisho tunalielekeza kwa wenzetu wa makanisani, na kwa ndugu zetu wa misikitini pia. Mara nyingi kiwanja cha umma hutolewa zawadi kwa nyumba ya ibada ili midomo yake ifungwe. Kamati ya ujenzi ikiletewa hati ya kiwanja kando ya mto au bahari, isishangilie kabla ya kuuliza maswali yaleyale ambayo Mahakama ya Juu iliuliza. Nabothi aliuawa kwa sababu alikataa kumuuzia mfalme shamba la baba zake, na mfalme alikuwa tayari kulipa bei nzuri. Torati inamlaani anayesogeza jiwe la mpaka wa jirani. Madhabahu iliyojengwa juu ya njia ya wavuvi haiwezi kuhubiri habari hizo bila kujihukumu.

Na kwa kila msomaji wetu tunatoa kazi moja ya mwezi huu. Watu watatu au wanne wa jumuiya yenu wachague njia moja ya kwenda majini ambayo wazee wanaikumbuka na vijana hawaipiti tena. Waende katika ofisi ya ardhi ya kaunti, waombe ramani ya upimaji kwa maandishi, wakitaja kifungu cha 35 cha Katiba kinachompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Wakipewa, waifananishe na ukuta uliopo. Wakinyimwa, waandike tarehe na cheo cha aliyewanyima, watuletee. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Sisi tumechelewa, kwa kuwa ukuta umekwisha kujengwa, tena na wengine. Lakini ukuta uliojengwa juu ya ardhi ya umma ni mawe tu, na sheria ya kuuondoa tunayo mkononi.